Kinywaji Kisichoganda

Nyumbani, 6 Novemba 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na bahari ikiwa imetulia, maana mara ya mwisho ulisema glasi zilikuwa zinatembea zenyewe juu ya kaunta. Sisi huku hatujambo. Babu hajambo pia. Macho yake ni yale yale, hayaoni, lakini masikio yamekuwa makali mpaka hata kunong'ona tunaogopa. Bado ana ule mchezo wake wa kizibo. Juzi nilimletea soda akaniambia, "Lete kwanza nipapase." Akapitisha kidole gumba pembeni ya kizibo pole pole kama anasoma, ndipo akaniruhusu kuifungua. Mama anasema hata maji ya mtungi angeyapapasa kama yangekuwa na kizibo. Tunacheka, na yeye anacheka kidogo.

Habari za Baba hatuna. Siku hizi hatuulizi.

Shuleni nimekuwa wa pili. Nilitakiwa kuisoma insha yangu mbele ya darasa, lakini sauti ilinikatika sentensi ya tatu, ikabidi mwalimu amalizie yeye. Usimwambie Mama, yeye anajua niliisoma yote.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Joto limeanza kweli kweli. Chumba cha cherehani kinachemka, na wateja wakija kupimwa nguo wanalalamika kwamba utepe unawanata mwilini. Mama akaanza kuwapa juisi yenye barafu. Jumamosi moja Bi Kicheko wa jirani (yule anayecheka kabla hujamaliza kusema) alikuja na chupa ya ramu, wakatia kidogo kwenye juisi ya nanasi. Tangu hapo kila Jumamosi wanakuja, hata wasio na nguo ya kushona. Mama anaimba tena, Mjomba. Nilikuwa nimesahau sauti yake.

Ameniambia nikuandikie hivi: "Muulize huyo ndugu yangu, miaka yote hiyo anachanganyia matajiri vinywaji, sisi ametuachia nini?" Anataka zile kokteli za rangi, na vitafunio vyenye pombe ndani, jeli na aiskrimu za vijiti. Tafadhali andika vipimo kamili. Nitapima mimi, yeye anapima kwa macho.

Mimi nina swali moja tu. Utarudi lini?

Mpwa wako.


Melini, 27 Novemba 1988

Profesa wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unanidai kiti na kiti sina. Msalimie Babu. Mwambie nimemnunulia blanketi jepesi. Hongera kwa kuwa wa pili. Na sauti usiilazimishe, sauti ni kama paka, ukimwita haji.

Mwambie dada yangu nimemsikia na lawama zake nimezimeza bila barafu. Haya, shika kalamu.

Tikiti maji. Toboa tundu moja juu, ukubwa wa mdomo wa chupa. Mimina vodka glasi moja, lakini kwa subira, kidogo leo kidogo baada ya saa, maana tikiti halinywi kwa pupa kama binadamu. Lilaze kwenye friji usiku mzima, kesho yake ulikate vipande. Watu watasema ni tikiti tu, mpaka wasimame.

Aiskrimu za vijiti. Vikombe vinne vya juisi ya pasheni kwa nusu kikombe cha ramu. Usizidishe. Ukizidisha hazitaganda, utabaki na uji wenye kijiti.

Jeli. Yayushe unga wake kwa kikombe cha maji ya moto, iache ipoe, ndipo utie nusu kikombe cha vodka na nusu cha maji baridi. Ukitia pombe kwenye maji ya moto, itaruka yote na utakuwa umewapikia watoto. Na za watoto ziwe za rangi nyingine kabisa, kwenye rafu nyingine. Hilo silirudii.

Kuonja: chovya mrija, ziba juu kwa kidole, dondosha tone moja ulimini. Tone moja! Hapa kwetu anayeonja kwa glasi hafiki saa tatu usiku. Mwambie mama yako hivyo hivyo, useme ni mimi niliyesema.

Na siri ya kazi. Wauzaji wengi huongeza maji kwenye pombe. Ukitaka kumjua mwizi, tia kikombe kimoja kwenye friza, kiache mpaka asubuhi. Ikiganda au ikiwa na vipande vya barafu, umeuziwa maji. Pombe ya kweli haigandi kwenye friza ya nyumbani.

Kengele inalia, wageni wa chakula cha usiku wanashuka. Nitaandika tena.

Mjomba wako.


Nyumbani, 18 Desemba 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na imeshalowa madoa ya pasheni. Babu anashukuru kwa blanketi ingawa anasema kwa joto hili labda umemnunulia adui yake. Mimi nimefunga shule. Mama hajambo. Anapata kichwa asubuhi, mchana anakuwa sawa.

Mjomba, umetupatia umaarufu! Tikiti lilikuwa la kwanza. Bi Kicheko alikula vipande vitano, akasema, "Jamani, hili tikiti linanisengenya, naona miguu inalisikiliza." Jeli nimezitengeneza nyekundu za wakubwa, za kijani za watoto. Mama ametoa mashine moja ya kushonea nje ili meza itoshe, na chupa anazipima kwa kuchora mstari wa chaki yake ya nguo. Siku hizi wateja wakija mimi sikimbilii chumbani. Nabeba sinia. Kubeba sinia hakuhitaji maneno mengi.

Nilimwambia habari ya mrija na tone moja. Alicheka, akaniuliza tone la mjomba wako lina upana gani. Hilo tuliache.

Jambo jipya ni hili. Vodka ya dukani imepanda sana, na kikundi cha mafundi cherehani, Mama akiwa mwenyekiti, kitafanya sherehe yake hapa kwetu Jumamosi, tarehe 14 Januari. Watakuja kama arobaini. Mteja mmoja akamleta mtu anayeuza rangi na vanishi upande wa pili wa soko. Tunamwita Bwana Galoni, kwa sababu hana jina lingine tunalolijua na galoni haimtoki mkononi. Ni mtu mpole, anavua kofia akiingia. Alisema, "Mama, hii ni spiriti safi ya kiwandani, hata hospitali wanaitumia. Ukiona kali, ongeza juisi."

Mama alikuwa na wasiwasi. Hapo nikakumbuka siri yako. Nikachukua vikombe viwili, kimoja cha vodka ya duka la kona, kingine cha galoni, nikaviweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi ile ya duka ilikuwa na barafu juu kama utando wa maziwa. Ya galoni ilikuwa nyeupe, imetulia, haina hata punje. Nilimwonyesha Mama na Bi Kicheko. Nikawaeleza kwa nini, mwanzo mpaka mwisho, na sauti haikukatika. Bi Kicheko akapiga makofi. "Profesa amepima!" Sasa kila anayeuliza kama ni salama, Mama anamwambia hivyo hivyo. Profesa amepima.

Babu peke yake ndiye aliyenuna. Aliomba apewe galoni, akapapasa mfuniko. Ni ule wa plastiki unaozunguka tu. Akaurudisha, akasema, "Hii ilishafunguliwa." Mama akamjibu, "Baba, galoni zote ndivyo zilivyo." Babu akaingia chumbani kwake, na chakula cha jioni hakula. Hukunijibu kuhusu hili la vizibo, nami nikimuuliza yeye, anasema umri.

Wala hukunijibu utarudi lini.

Tutaanza kutumia ya galoni siku ya sherehe, kwa sasa tunamalizia ya duka.

Mpwa wako.


Bandarini, 12 Januari 1989

Profesa,

Salamu baadaye. Soma hii ukiwa umesimama.

Barua yako ya Desemba ilinifuata bandari mbili, nimekabidhiwa leo asubuhi. Watu wa simu na telegramu wamegoma hapa, mlango wao umefungwa mnyororo. Nimeugonga mpaka askari akanifukuza. Meli inang'oa nanga saa tisa. Mpishi wetu wa keki anapanda ndege kwenda likizo, na atapita mji wenu. Ameniapia atakufikishia hii mkononi kabla hajaenda kumwona mkewe.

Mwageni galoni. Msimmiminie mtu, msimpe mtu, mwageni chooni, na mtungini mbakize kidogo chini kwa ajili ya ushahidi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Nilikuambia nusu ya jambo. Friza inakuonyesha maji tu. Haikuonyeshi sumu. Ile wanayoyeyushia vanishi haigandi vile vile. Haina rangi, inalewesha kama nyingine, hata mimi kwa harufu sitaitambua. Huku kila chupa inanifikia na lakiri ya kiwanda, kwa hiyo haikunijia kabisa kwamba kuna mtu atakuja kwenu na mtungi. Nilikuandikia kama ninavyomwandikia mhudumu mwenzangu. Wewe usijilaumu. Uliambiwa na mtu unayemwamini.

Ikiwa Jumamosi imeshapita, sikiliza. Sumu hii ina subira. Mtu analala vizuri, anaamka anacheka, anafanya kazi, na kesho yake ndipo kichwa, tumbo, na macho kuona kama kuna ukungu au moshi. Usisubiri ukungu. Kila aliyekula au kunywa apelekwe hospitali hata kama anacheza. Wana dawa yake, lakini inataka kuwahi. Mseme neno hili kwa daktari: methanoli.

Umeuliza kuhusu kidole cha Babu. Tulikubaliana mimi na mama yako tusikwambie mpaka ukue. Babu yako hakuugua macho. Alikwenda harusini akiwa anaona, akatiliwa kinywaji kutoka kwenye mtungi wa mtu aliyevua kofia akiingia, na baada ya siku mbili akatuuliza kwa nini hatufungui madirisha. Mama yako ndiye aliyekuwa ameshika mkono wake. Sijui alisahau vipi. Nadhani mtu akipata furaha baada ya muda mrefu, hataki kuulizia imetoka wapi.

Kimbia, mwanangu.

Mjomba.


Nyumbani, Jumapili, 15 Januari 1989

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako haijafika lakini nimeshindwa kungoja kukusimulia.

Sherehe imepita, na imepita vizuri kuliko tulivyoota. Walikuja arobaini na zaidi, kila mmoja amevaa alichokishona mwenyewe, ua lilikuwa kama duka la vitambaa lililopata miguu. Matikiti matatu yaliisha kabla jua halijashuka. Jeli nyekundu zote. Aiskrimu zilikuwa laini kidogo, nadhani galoni ni kali kuliko ramu, lakini watu walizilamba kutoka kwenye vikombe. Nilizunguka na sinia mwenyewe. Fundi wa magauni ya harusi, yule mkali, aliniuliza mbele ya watu kama kweli ni salama, nami nikamjibu kwa sauti, "Ni salama, shangazi, nimepima." Akachukua mbili.

Babu hakutoka. Nilimpelekea keki isiyo na kitu, akanishika kifundo cha mkono. "Wewe umekula?" Nikamwambia mimi sipendi, nakula za kijani. Hakuniachia mpaka niliporudia mara ya pili.

Leo nyumba imetulia. Mama alikuwa anaonja tangu asubuhi ya jana, kwa hiyo nilitegemea alale. Aliamka saa nne, akanywa chai, akaniambia mwenyekiti hajawahi kusifiwa hivyo tangu kikundi kianze. Mchana akasema tumbo. Mimi nimemaliza kuosha glasi na kumwaga mabaki ya matunda.

Jambo dogo tu. Saa kumi hivi nilimkuta amekaa kwenye cherehani anatunga uzi kwenye sindano. Mama hutunga uzi bila kuangalia, unajua. Alikuwa anajaribu na anajaribu. Nikamwuliza nimsaidie? Akasema, "Nani kachoma takataka? Moshi umejaa humu ndani."

Nilitoka nje kuangalia. Hakuna aliyechoma kitu.

Kwa Bi Kicheko mapazia hayajafunguliwa tangu asubuhi, na kwa kawaida Jumapili ndiye hutuamsha. Nimebisha mara moja. Nilifikiri amechoka, nikaona aibu kubisha tena.

Nitaipeleka barua hii posta kesho asubuhi.

Mpwa wako.


Hospitali, Alhamisi, 19 Januari 1989

Mjomba,

Shikamoo. Babu yupo, amekaa benchi hili hili, na anakusalimu. Mimi mzima. Mama yu hai. Naandika hayo kwanza ili usiyatafute.

Mpishi wako alifika Jumatatu saa sita mchana na begi lake bado mgongoni. Aliniuliza kama mimi ni Profesa. Nilisoma barua yako nimesimama kama ulivyosema. Nilipofika kwenye neno ukungu sikuendelea, nilimpa yeye aishike, nikaingia kwa Mama. Alikuwa amelala anapumua haraka kama mtu aliyepanda ngazi. Nikamwambia twende hospitali, akasema kelele za bure, ni uchovu. Babu akaja mlangoni kwa kupapasa ukuta. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Binti yangu, nihesabie vidole vyangu." Akainua mkono. Mama akaanza kulia, na Babu akalia naye.

Mpishi aliwachukua kwa gari la mizigo la jirani. Mimi nilibaki kwa sababu mimi ndiye niliyebeba sinia, na hakuna mwingine aliyejua nani alikula nini. Mjomba, nimebisha milango siku ile kuliko maisha yangu yote. Nilikuwa nasema maneno yale yale kila mlango: mlichokula kwetu kilikuwa na sumu, nendeni hospitali, semeni methanoli. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja alikuwa anafua, akacheka, akasema mbona yeye yuko fiti. Nilimshika nguo yake iliyolowa nikakataa kuiachia mpaka alipokwenda kumwita mumewe. Fundi wa magauni ya harusi alinifungulia mlango ameegemea ukuta, akaniuliza, "Wewe ni nani?" Tulikuwa tumesimama karibu kama tunavyokaa mimi na Babu sasa hivi.

Karibu wote wapo wodini. Daktari amesema barua yako iliwaokolea muda, walikuwa wameanza kuwatibu wa kwanza malaria. Mama anaona mwanga, na kitu kikipita mbele yake anajua kimepita. Daktari hasemi kama utazidi au utapungua. Bi Kicheko hayumo wodini. Mlango wake walikuja kuuvunja. Sitaandika zaidi ya hapo, na tafadhali usiniulize kwenye jibu lako.

Jana alikuja bwana afya pamoja na askari. Walipita kitanda kwa kitanda wakiuliza nani aliwaambia kinywaji ni salama. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda cha Mama na bakuli la uji. Wa kwanza akasema hakumbuki. Wa pili akasema hakumbuki. Yule aliyekuwa anafua akaniangalia moja kwa moja, akasema kulikuwa na kelele, hakusikia. Wote, Mjomba, mpaka wa mwisho. Walipofika kwa Mama akasema, "Ni mimi. Nilinunua mimi, nilipima mimi, niliwapa mimi." Nikafungua mdomo. Hawezi kuniona, lakini aliinua kiganja kuelekea pale pale nilipokuwa, vile anavyonizuia nisimkatize akiongea na wateja. Nikafunga mdomo.

Askari aliandika. Halafu akamwuliza huyo muuzaji yukoje. Mama akasema mpole, ana kofia. Askari akauliza akiletewa watu atamtambua? Nje kwenye korido nilimsikia askari akimwambia bwana afya kwamba duka la rangi limekutwa limefungwa, wameshakamatwa watu watatu sokoni na wote wanakana, na kama mwenye macho ya kumtambua hayupo, basi kesi imebaki na mwenyekiti wa kikundi.

Yule mteja aliyemleta kwetu hajaamka bado. Anayeujua uso wa Bwana Galoni ni mimi. Ana kovu dogo kwenye nyusi, na kucha za mkono wa kulia zina vanishi isiyotoka. Nilikuwa namwangalia wakati Mama anaonja, kwa sababu sikuwa na la kusema.

Mama ananiambia nirudi shuleni Jumatatu na nisimwambie mtu chochote. Sikuulizi tena utarudi lini, nakuambia tu kwamba unahitajika.

Kesho saa tatu asubuhi wanawapanga wale watu watatu kituoni. Nikienda, nitaulizwa nilijuaje kama galoni ni yake, nani alipima, na alipimaje. Nitaulizwa mbele ya watu wengi. Tangu jana nimejaribu kulisema jibu peke yangu chooni na sauti inakatika mahali pale pale, kwenye neno "nimepima". Ndiyo maana nimekuandikia yote haya, kwa mpangilio, bila kuruka. Sasa namsomea Babu barua hii kwa sauti kabla sijaifunga. Amesema nisome tena kuanzia mwanzo, polepole, na nisitazame chini.

Mpwa wako.